Viza Iliisha, Mume ni Raia: Naweza Kuomba Makaratasi Bila Wakili?

"Nilikuja Marekani kwa viza ya masomo, ada ikanishinda, chuo nikakiacha, nikabaki. Sasa ni miaka. Nimeolewa na mwanaume ninayempenda, naye ni raia wa hapa. Tulikwenda kwa wakili akatutajia bei ambayo hatuna. Wenzangu kazini wanasema fomu tunaweza kujaza wenyewe. Wengine wanasema nikijitokeza tu nimekwisha. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, hongera kwa ndoa. Nimeichagua barua yako kwa sababu swali hili naulizwa na wengi, wa Minnesota kwa wa Texas, na karibu wote huniuliza kwa kunong'ona, kana kwamba kuishiwa muda wa viza ni aibu ya kuzikwa nayo. Mimi nitajibu kwa sauti. Si mwanasheria, na faili lako sijaliona. Ninachoweza ni kukueleza njia ilivyo, ujue kazi ipi ni yako na ipi si ya kuigusa bila mwenye taaluma.

Sheria inakuruhusu kuomba ukaazi wa kudumu mwenyewe, bila wakili. Na sheria hiyohiyo ya uhamiaji ya Marekani inawasamehe watu wa kundi fulani kosa la kukaa kupita muda, hata na kosa la kufanya kazi bila kibali. Kundi hilo ni ndugu wa karibu wa raia: mume au mke wa raia, mtoto wa raia ambaye hajafikisha miaka 21 na hajaoa wala kuolewa, na mzazi wa raia aliyefikisha miaka 21. Wewe ni mke wa raia, kwa hiyo mlango upo. Kabla hujaushika, hakikisha mambo mawili.

La kwanza, mumeo ni raia kweli? Usinicheke. Katika jamii yetu mtu akishapata kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, husema "mimi nina makaratasi", na familia nzima inamhesabu raia. Mwenye kadi ya kijani si raia. Mke wa mwenye kadi hana msamaha huu, na akituma maombi yake hali viza ilikwisha, anajipeleka mwenyewe kukataliwa. Hapo kinachotakiwa ni kusubiri mume apate uraia kwanza. Mwambie mumeo akuoneshe pasipoti yake ya Marekani, cheti cha kuzaliwa, au cheti cha uraia. Utavihitaji hivyo hivyo kwenye maombi.

La pili, uliingiaje? Msamaha unamhusu mtu aliyeingia kwa kukaguliwa na ofisa wa mpakani na kuruhusiwa. Ushahidi wake ni rekodi inayoitwa I-94. Siku hizi haiko kwenye karatasi. Iko kwenye tovuti ya idara ya forodha na mipaka, unaingiza jina na namba ya pasipoti uliyoingia nayo, unaichapisha bure. Watu wengi huchanganya tarehe ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti na tarehe ya kukaa. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. I-94 ndiyo inayosema ukae hadi lini. Wewe uliyeingia kwa masomo huenda usikute tarehe yoyote, ukakuta herufi D/S, maana yake ulipaswa kukaa maadamu unasoma. Ulipoacha chuo ulipoteza hadhi yako, lakini hesabu ya siku za kukaa kinyume cha sheria, ambayo nitaieleza hapa chini, kwa watu wa D/S huanza kwa namna nyingine: kwa kawaida haianzi mpaka Uhamiaji au jaji wa uhamiaji atamke kwamba ulipoteza hadhi. Usiipuuze tofauti hiyo. Kama pasipoti ya zamani ilipotea na rekodi haionekani, unaweza kuomba nakala ya mafaili yako serikalini kwa sheria ya uhuru wa habari, na kuomba huko hakuhitaji wakili.

Sasa niongee na wale ambao hadithi yao si safi kama yako, na ninaomba mnisikilize hadi mwisho, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Kama uliwahi kuomba hifadhi ukakosa kwenda mahakamani siku uliyoitwa, kuna uwezekano mkubwa jaji aliamuru uondolewe nchini wewe hupo, na amri hiyo bado inakusubiri. Wapo watu wamehama nyumba, barua ikaenda anwani ya zamani, wakaishi miaka kumi bila kujua. Mahakama ya uhamiaji ina namba ya simu ya bure, 1-800-898-7180, na ina tovuti pia. Unaingiza namba yako ya mgeni, ile inayoanza na herufi A, inakwambia kama una kesi na iliishaje. Ukikuta amri, weka fomu chini, tafuta wakili.

Kama uliwahi kutiki kisanduku kinachosema wewe ni raia wa Marekani, popote, iwe kwenye fomu ya kazi au ulipokuwa unachukua leseni ya udereva karani akakuandikisha kupiga kura nawe ukasaini bila kusoma, usitume chochote kabla ya kuongea na wakili. Kujidai raia ni miongoni mwa makosa ambayo sheria hii haina huruma nayo. Ndoa hailifuti kosa hilo, na msamaha karibu haupo.

Uliwahi kukamatwa na polisi, hata kama kesi ilifutwa? Wakili. Uliingia kwa pasipoti ya mtu mwingine? Wakili. Uliwahi kuombewa na mke au mume mwingine kabla ya huyu? Wakili. Ulikuja kwa viza ya J-1 yenye sharti la kurudi nyumbani miaka miwili? Wakili. Ulikaa zaidi ya mwaka bila ruhusa, ukatoka, kisha ukarudi kwa kuvuka mpaka kimya kimya? Wakili, na mzuri. Na ndugu zangu mabaharia wa Mombasa na Unguja, mlioshuka melini mkabaki: aliyeingia kama mfanyakazi wa meli anazuiwa kubadili hadhi akiwa ndani ya nchi hata kama ameoa raia. Hili wengi hawaambiwi hadi ada imeshaliwa.

Na kwa wote, hata mwenye faili safi kama lako, nasema hivi: lipia saa moja. Mawakili wengi huuza kikao kimoja cha ushauri bila kuchukua kesi nzima, na bei yake haifanani kabisa na hiyo iliyokutisha. Nenda na I-94, pasipoti, na kila barua uliyowahi kupata kutoka serikalini. Mweleze kila kitu, hata lile unaloona aibu kulitaja mbele ya mumeo. Kama ni hivyo, omba uongee naye peke yako. Muulize swali moja: kuna chochote kwenye historia yangu kinachonizuia kuomba mwenyewe? Miaka michache nyuma ningesema kikao hiki ni hiari. Sasa sisemi hivyo. Tangu Februari 2025 utaratibu wa USCIS, idara inayopokea maombi haya, ni kwamba ukinyimwa na huna hadhi nyingine, unaandikiwa wito wa mahakama ya kuondolewa nchini. Mwishoni mwa 2025, kule San Diego, waume na wake wa raia ambao kosa lao lilikuwa kukaa kupita muda walikamatwa walipokwenda kwenye usaili. Sikuambii haya ukimbie. Kujificha hakukupi hadhi, na kila mwaka unaopita unaongeza ushahidi wa kutafuta. Nakuambia ili siku ya kutuma uwe umeshajua faili lako lina nini ndani, na uwe na namba ya wakili wa kumpigia.

Watanzania na Warundi wana jambo moja zaidi la kuangalia. Burundi iliwekwa kwenye orodha ya makatazo ya Rais wa Marekani kuhusu kuingia nchini humo mwezi Juni 2025, na Tanzania ikaongezwa Desemba 2025. Desemba hiyohiyo USCIS ilianza kusimamisha uamuzi wa maombi ya watu wa nchi zilizokuwa kwenye orodha. Kusimamishwa si kukataliwa, ila kunaweza kukuacha ukisubiri muda ambao hakuna anayekuahidi. Orodha hizi hubadilika kwa saini moja, kwa hiyo soma hali ilivyo wiki unayotaka kutuma.

Kama hata saa moja ya wakili ni ngumu, yapo mashirika yasiyo ya faida yanayotambuliwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, mengine ya makanisa, mengine ya wakimbizi, yenye wawakilishi walioidhinishwa kushauri mambo ya uhamiaji kwa bei ndogo au bure. Orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya wizara hiyo. Kwa Marekani, mwenye haki ya kukushauri kisheria ni wakili au mwakilishi wa namna hiyo, basi. Yule kaka anayejaza fomu za watu baada ya ibada au baada ya swala, hata kama ana roho nzuri, hana ruhusa ya kukuambia uombe kwa njia ipi. Anaweza kukuandikia majibu yako kama ulivyoyasema, na fomu ina ukurasa ambao yeye naye lazima asaini kwamba alikuandikia. Akikataa kusaini, au akisema "hapa andika hujawahi kufanya kazi", chukua karatasi zako uondoke. Saini ya kiapo ni yako, na ofisa atakuuliza wewe.

Kuhusu kazi, andika ukweli. Ulifagia, ulilea wazee, ulisuka nywele, andika. Kazi bila kibali ni kosa ambalo ndoa na raia inalisamehe. Uongo kwenye fomu hausamehewi hivyo. Unaona ilivyo vibaya kugeuza kosa lenye msamaha kuwa kosa lisilo nao?

Haya, karatasi za nyumbani. Mimi naona hapa ndipo nusu ya kazi ilipo, na mawakili wa Kimarekani huwa hawatusaidii sana kwa sababu hawajui kwetu kukoje.

Utahitaji cheti cha kuzaliwa. Kama wewe ni Mtanzania wa Bara, ni cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Yale matangazo ya kizazi ya hospitali pekee hayatoshi. Uliyezaliwa nyumbani kwa mkunga na hukuandikishwa, mtume ndugu akafuatilie uandikishaji wa kuchelewa, na anza mapema, maana safari ya kwenda wilayani na kurudi inaweza kuzidi moja. Ikishindikana kabisa, Uhamiaji hupokea ushahidi mbadala: cheti cha ubatizo, rekodi za shule, viapo vya watu wazima waliokujua tangu kuzaliwa. Ila kwanza uoneshe kwamba cheti chenyewe ulikitafuta na hakipo.

Kisha angalia majina. Pasipoti inasema Mwanaisha Juma Ali, cheti cha shule kinasema Mwanaisha Ali, ndoa imeandikwa Aisha J. Ali. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Ofisa aliye Nebraska hajui, na jina la babu kuwa jina la ukoo ni jambo geni kwake. Fomu ina nafasi ya kuandika majina yote uliyowahi kutumia. Yaandike yote, na ueleze kwa barua fupi jinsi majina ya kwenu yanavyopangwa.

Karatasi yoyote ya Kiswahili, na za Zanzibar hasa, lazima iwe na tafsiri kamili ya Kiingereza. Huhitaji kampuni. Mtu yeyote anayezijua lugha zote mbili anaweza kutafsiri, mradi aandike na kusaini kwamba ana uwezo huo na tafsiri ni sahihi na kamili. Mimi ningempa mtu mwingine, si wewe wala mumeo.

Na sasa jambo ambalo kina dada huniambia mwisho kabisa, wakiwa wameshashika mlango. "Dada, nyumbani kulikuwa na mtu." Mahari ilitoka, wazee walikaa, mkaishi pamoja, mkaachana, hakuna karatasi yoyote. Unaweza kudhani hiyo haihesabiki. Inahesabika. Kenya inazitambua ndoa za kimila kwenye Sheria ya Ndoa ya 2014, na Tanzania nayo inazitambua tangu sheria yake ya 1971. Kama ndoa ile haikuvunjwa kisheria kabla hujaolewa huku, ndoa ya huku inaweza kuhesabiwa si halali, na ombi lote likaanguka nayo. Vivyo hivyo talaka ya Kiislamu ya mdomo, au ya karatasi aliyoandika mume akampa shemeji: tafuta hati rasmi, kwa Kenya kwenye Mahakama ya Kadhi, kwa Tanzania ihakikishwe na mahakama na isajiliwe. Mumeo pia, kila ndoa yake ya nyuma inahitaji hati ya talaka au cheti cha kifo. Na kaka mwenye mke mwingine kijijini: fomu inauliza waziwazi kuhusu mitala. Usikisogelee kisanduku kile bila ushauri.

Fomu zenyewe hazitishi ukizisoma polepole. Zote ni bure kwenye tovuti ya USCIS. Anayekuuzia fomu ni mwizi. Mumeo anajaza I-130, ombi lake la kukutambua kama mke, nawe unajaza I-130A ya kuambatana nayo. I-485 ndiyo ombi lako la ukaazi. I-864 ni kiapo cha udhamini cha mume. I-693 ni ya daktari. I-765 ni kibali cha kazi, ukikitaka ukiwa unasubiri, na nadhani unakitaka. Mke wa raia anaruhusiwa kutuma vyote kwa pamoja kwenye bahasha moja. Kwenye ratiba ya ada iliyoanza Aprili 2024, I-130 ya karatasi ni dola 675, I-485 ni dola 1,440, na I-765 ukiituma pamoja na I-485 ni dola 260. Hiyo ni dola 2,375 kabla ya daktari, ambaye serikali haimpangii bei, kwa hiyo pigia simu watatu au wanne ulinganishe. Tangu mwisho wa Oktoba 2025 hundi na mani oda hazipokelewi tena kwa kawaida. Unalipa kwa kadi au kwa kukatwa kwenye akaunti ya benki, kila njia na fomu yake. Angalia ada siku unayotuma. Angalia na tarehe ya toleo chini ya kila ukurasa wa fomu, maana toleo la zamani hurudishwa, na fomu isiyo na saini hurudishwa pia. Anwani ya kutuma hutegemea jimbo. Kabla ya kufunga, piga nakala ya kila ukurasa, kuanzia wa kwanza hadi picha ya mwisho.

Daktari lazima awe aliyeteuliwa na Uhamiaji. Daktari wako wa kawaida hawezi. Tangu Desemba 2024 fomu yake inatakiwa iwemo tangu siku ya kutuma. Sisi tuliochanjwa kifua kikuu utotoni huwa na hofu ya kipimo. Kipimo kinachotumika sasa ni cha damu, na chanjo ile haikivurugi kama ilivyokuwa ikivuruga kile cha kuchomwa mkononi. Kikitoka na dalili, utapigwa picha ya kifua. Hata hapo ombi halijafa.

Udhamini unataka mume awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Kwa kaya ya watu wawili mwaka 2025, nje ya Alaska na Hawaii, ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka. Asipofikia, mtu mwingine anaweza kudhamini pamoja naye, awe raia au mkaazi wa kudumu anayeishi Marekani. Ukimwomba mjomba au rafiki wa kanisani, mwambie ukweli wa anachosaini: wajibu ule hauishi mkiachana. Unaisha ukiwa raia, au ukikamilisha robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au ukiondoka nchini moja kwa moja, au mmoja wenu akifa. Wengi wamevunja undugu kwa kusainisha watu kitu walichokiita "karatasi tu".

Sasa ushahidi wa ndoa. Kwanza niliondoe hili: kama ndoa yako ni ya makaratasi, kwamba mlikubaliana bei, mimi sikusaidii, na usitume. Ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000, na ukishaandikwa hivyo kwenye faili, hata siku ukimpata mume wa kweli hataweza kukuombea. Nimeona wasichana wadogo wakishawishiwa jambo hili na watu wazima waliopaswa kuwalinda, na linaniuma.

Kwa ninyi mnaoishi kweli kama mume na mke, tatizo huwa jingine: maisha yetu hayaachi karatasi. Mume ni dereva wa lori, yuko barabarani wiki tatu. Mke anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Mnaishi kwa dada yake, mkataba wa nyumba hauna jina lenu. Kila mtu ana akaunti yake kwa sababu ndivyo mlivyolelewa. Ndoa ni ya kweli kabisa na kabatini hamna hata bili moja. Anzeni leo. Ongezaneni kwenye mkataba wa nyumba, au dada aandike barua ya kiapo kwamba mnaishi kwake. Fungueni akaunti ya pamoja na muitumie kweli, chakula na mafuta ya gari vitoke humo. Bima ya afya, bima ya gari, kodi ya mapato mkiijaza kama wanandoa. Picha ziwe za miaka na misimu, na watu wa pande zote mbili, zisiwe za siku ya harusi peke yake. Pesa mliyomtumia mama mkwe Kisumu au Morogoro, risiti zake ni ushahidi mzuri kuliko mnavyofikiri. Na kama ukweni hawajui kwamba umeolewa, waambieni kabla ofisa hajawauliza kwa nini hawajui.

Baada ya kutuma mtapata risiti kwa barua, kisha wito wa alama za vidole. Mkihama, toa taarifa ndani ya siku 10. Barua ikija kuomba nyongeza ya ushahidi, jibuni kila kilichoombwa kwa mara moja, kabla ya tarehe iliyoandikwa. Hakuna nafasi ya pili ya kutuma kilichosahaulika.

Na usitoke Marekani.

Naliandika hili peke yake kwa sababu najua litakapokupata. Simu italia usiku, mama amefariki, kundi la WhatsApp linachanga, kaka zako wanasubiri useme unafika lini. Aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 akatoka, anafungiwa miaka mitatu. Aliyefikisha mwaka akatoka, miaka kumi. Adhabu hiyo haikugusi ukiwa ndani. Inaamshwa na kutoka kwako. Tena ukitoka ombi likiwa mezani bila kibali cha kusafiri, ombi linahesabiwa umeliacha. Kibali hicho kipo, na kimewasaidia watu, lakini kwa mtu wa historia yako, katika hali ya sasa, sikushauri upande ndege kwa kibali hicho bila wakili kukutazama machoni na kukuambia nenda. Ongea na familia sasa, wakati hakuna msiba. Mwambie baba, mwambie dada mkubwa: nikikosekana siku hiyo, sababu ni hii. Watu wetu huumia sana wakidhani umewatupa. Wakiambiwa mapema huwa wanabeba. Na mnaopokea habari hizo huko nyumbani, jamani, msimwite mtu mwenye roho ngumu kwa kutokuja kuzika.

Usaili ukifika, nendeni wote wawili na karatasi halisi. Kama Kiingereza kinakutoroka ukiwa na woga, una haki ya kwenda na mkalimani. Ofisa atauliza mlikutanaje, nani hupika, nani hulipa nini, mume hulala upande gani. Usilojua sema hujui. Mume asikujibie, hata kama ndivyo heshima yenu ilivyo nyumbani. Siku hiyo ofisa anataka kukusikia wewe.

Mkikubaliwa kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, kadi yako itakuwa ya miaka miwili tu, yenye masharti. Ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha, mnatakiwa kutuma I-751 pamoja. Wengi huipata kadi, wakafurahi, wakaisahau tarehe hiyo.

Mwisho, mdogo wangu, hukuniuliza hili na natumaini hutalihitaji, ila yuko anayesoma hapa analihitaji usiku huu. Kuna waume, na wake pia, wanaosema "ukinibishia nafuta makaratasi yako, nawapigia Uhamiaji". Mke au mume anayepigwa au kuteswa na raia au mwenye kadi anaweza kuomba mwenyewe kwa fomu I-360, bila saini ya mtesaji na bila yeye kuarifiwa. Sheria inaifanya habari hiyo kuwa siri. Fomu hiyo haina ada kwa ombi la namna hii. Na mwenye kadi ya miaka miwili akiachika au akiteswa, anaruhusiwa kutuma I-751 peke yake. Namba ya kitaifa ya msaada wa ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, iko wazi usiku na mchana, na kuna wakalimani. Piga kwa simu ambayo yeye haikagui, uwaambie unaongea Kiswahili.